Kilomita kumi "tu" baada ya marathoni

Kila mwaka, Kilimanjaro Marathon ikishapita, wakimbiaji huanza kubisha hodi kwenye vyumba vya fiziotherapia. Mara nyingi kilichowaumiza si marathoni yenyewe. Jumapili mtu amemaliza kilomita 42 pale Moshi, Jumatatu anashuka ngazi kinyumenyume, Ijumaa anatembea kama kawaida. Jumamosi inayofuata ameshapokea namba ya mbio za hisani. "Dokta, ni kumi tu!" (Mimi si daktari, ila nimeshachoka kubishana.) Hiyo "tu" ndiyo inayomrudisha kwetu akichechemea.

Wengi huulaumu mlima wa kwenda Mweka, ulio kwenye njia ya marathoni hiyo. Mapafu yana haki ya kuulaumu, lakini mapaja yanaumizwa na kushuka. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hujikunja ikikusukuma juu. Unaposhuka, misuli hiyohiyo hukaza huku ikivutwa, ili goti lisilegee ukaangukia uso. Ni kazi ya breki za lori kwenye mteremko mrefu, na katika marathoni ya Moshi breki hizo zinatumika mwishoni, miguu ikiwa imeshachoka. Nyuzi ndogondogo za misuli huchanika. Uwanjani hutasikia sana. Utapiga picha na medali ucheke. Maumivu hufika kileleni siku ya pili au ya tatu.

Kisha yanaondoka, na hapo ndipo tunapodanganyika. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli hurudi ndani ya siku mbili tatu ukila vizuri: mtori, wali, viazi, uji. Kwa hiyo nguvu unazisikia. Tangi limejaa, ila gari lingali gereji. Nyuzi zilizochanika zinaweza kuchukua wiki mbili au zaidi kujijenga, na kano, kama ile iliyo nyuma ya kisigino, hazipati damu nyingi kama misuli, kwa hiyo hupona polepole zaidi.

Ubaya wa kilomita 10 ni kwamba hakuna anayezikimbia kwa mwendo wa marathoni. Umbali ukipungua, kasi inapanda. Kigimbi kinavuta kwa nguvu, hatua zinarefuka, na paja lililochoka halipokei tena kishindo. Kishindo kinahamia kwenye goti na mfupa wa muundi.

Jack Foster wa New Zealand, aliyekimbia marathoni kwa saa 2:11 mwaka 1974 akiwa na miaka 41, ndiye anayetajwa kwa kanuni ya kupumzika siku moja kwa kila maili uliyoshindana. Marathoni ina maili 26, kwa hiyo ni karibu wiki nne bila kushindana. Kwa nusu marathoni ni kama wiki mbili. Si sheria ya maabara, ni uzoefu wa mkimbiaji, ila mimi naiamini kuliko hamu ya mtu mwenye medali mpya. Kupumzika huko si kulala kitandani: tembea, ogelea, na baada ya wiki moja kimbia taratibu ukipenda.

Na kama umeshalipia? Siku moja kabla, shuka ngazi bila kushika ukuta, kisha ruka kwa mguu mmoja mara kumi kila upande. Pima mapigo ya moyo asubuhi kabla hujainuka kitandani. Mguu ukisita, au mapigo yakizidi ya kawaida yako kwa kumi hivi kwa dakika, nenda ukashangilie wenzako. Ukifaulu yote, anzia nyuma kabisa na ukimbie kwa mwendo wa kupiga soga. Fulana ni ileile.

Usimeze diclofenac wala ibuprofen asubuhi ili "miguu itulie". Dawa hizo huficha onyo, na kwa mtu aliyeishiwa maji zinaweza kuumiza figo, ambazo tayari zina kazi ya kuchuja mabaki ya misuli iliyochanika. Mkojo ukitoka rangi ya soda nyeusi baada ya mbio, au paja likivimba na kuwa gumu kupita kiasi, siku hiyo usije kwetu kukandwa. Nenda hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku.