Bomba la inchi 4 uchochoroni: mteremko kwanza

Kwenye mitaa iliyojengwa bila mpango, gari la kunyonya majitaka halifiki kwenye choo. Nyumba zimebanana, uchochoro ni mita moja, na masika yakianza watu hutapisha vyoo usiku. Palipo na bomba kuu au mabwawa ya majitaka jirani, kama Vingunguti, Dar es Salaam, nashauri wakazi waache kuchimba shimo jingine, walaze bomba dogo la pamoja. Si jambo geni: Natal, Brazili, walianza miaka ya 1980.

Wengi huhofia kwamba inchi 4 itaziba. Haizibi kirahisi mteremko ukiwepo, angalau sentimita 5 kwa kila mita 10.

Kupima huanzia chini. Fungua chemba utakayoungia, pima kina cha bomba lililopo, kisha hesabu kurudi juu. Uchochoro wa mita 80 unadai sentimita 40 za kushuka. Pasipopita magari, udongo wa sentimita 40 juu ya bomba unatosha. Kwa hiyo kwenye ardhi tambarare utaanza na mtaro wa nusu mita na kumalizia na sentimita 90. Kama chemba ya chini ina kina pungufu, usilazimishe: tafuteni njia nyingine.

Fundi asipime kwa jicho. Mpira wa maji unaoonyesha ndani unatosha, ila kiputo kimoja cha hewa kilichonaswa katikati kinaweza kukudanganya sentimita 2, karibu nusu ya mteremko wa mita 10! Tandika mchanga usio na mawe, mdomo mpana wa kila bomba uelekee upande wa juu wa mteremko. Kabla ya kufukia, mulika tochi kutoka chemba moja uchungulie kutoka nyingine. Ukiona mwezi mpevu, sawa. Ukiona nusu mwezi, bomba limebonyea au limepinda.

Kwenye kona weka chemba. Elbo kali chini ya ardhi hukwamisha waya wa kuzibulia.

Adui mkubwa ni mchanga. Masufuria husuguliwa kwa mchanga, nao hutulia ndani ya bomba. Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye chemba ndogo ambayo sakafu yake iko sentimita 20 chini ya tundu la kutokea, ichotwe kila wiki. Maji ya mvua ya paani yasiingie kabisa. Hujaza bomba hadi majitaka yakarudi kwenye choo cha nyumba ya chini.

Lingine huwashangaza watu: nyumba zikiwa chache, bomba huziba zaidi, kwa sababu uchafu husukumwa na maji ya majirani. Nyumba 3 zikiunga na 20 zikagoma, mtazibua kila mara. Michango ikusanywe kabla ya sururu kugusa ardhi.

Na mifuniko ya chemba isikandikwe saruji. Mwenye nyumba akiifunika kwa vigae apate baraza, siku ya kuzibua ni nyundo tu.