Programu ya kwenye flashi haijawa programu inayohamishika

Programu huitwa inayohamishika pale msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya mwandishi wake, unapoweza kupelekwa kwenye mfumo endeshi mwingine, au kwenye prosesa ya aina nyingine, kwa kazi ndogo kuliko ya kuiandika upya. Maana ni hiyo, na ina viwango: programu moja huhama kwa kubadili mistari kumi, nyingine kwa miezi ya kazi.

Mkanganyiko huanza na programu zisizohitaji kusakinishwa. Mtu huiweka moja kwenye flashi, ikafunguka kwenye kila kompyuta yenye Windows, akaitangaza kuwa inahamishika. Imehama kompyuta, haijahama mfumo. Sifa yake halisi ni kwamba haitegemei rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo huo) na mipangilio yake hukaa nayo kwenye folda moja. Faili lake bado ni la PE, muundo wa mafaili ya programu za Windows, wakati Linux husoma ELF na macOS husoma Mach-O. Na hata muundo ungesomeka, ndani yake mna miito ya huduma za Windows ambazo kerneli nyingine, yaani kiini cha mfumo mwingine, haizijui.

Hapo ndipo Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows nje ya Windows ulioanza 1993, unapoingia: hupokea miito hiyo na kuijibu juu ya Linux. Mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine, hubeba mfumo mzima. Kontena, kifurushi cha programu na vitu inavyotegemea, ndilo husemwa vibaya kuliko yote, kwa kuwa kontena la Linux hutumia kerneli ya Linux ya mwenyeji wake. Ndiyo sababu Docker, zana ya kuendeshea kontena, kwenye macOS huwasha kwanza mashine pepe ya Linux. Njia hizi ni nzuri, na msimbo chanzo usipopatikana huwa ndizo pekee. Lakini mazingira ndiyo yanayoifuata programu, yenyewe haijaguswa.

Kuhama kwa kweli hufichua kila kitu ambacho mwandishi alikichukulia kuwa ni cha kawaida. Unix, mfumo endeshi, iliandikwa upya kwa lugha ya C mwaka 1973, lakini ilipopelekwa kwenye mashine za Interdata mwaka 1977 ndipo ilipoonekana ni wapi msimbo ulichanganya namba nzima na kielekezi (thamani inayoshika anwani ya mahali kwenye kumbukumbu). Kosa hilo linaishi hadi leo. Aina ya namba ya `long` katika C ni baiti 8 kwenye Linux ya biti 64, ila ni baiti 4 kwenye Windows ya biti 64. Anayehifadhi kielekezi ndani ya `long` hupoteza nusu ya anwani, na programu huanguka mbali kabisa na mstari wenye kosa. Tumia `intptr_t` kwa vielekezi, na `int64_t` pale ukubwa unapokuwa wa lazima.

Majina ya mafaili nayo yana mitego. Linux huona `Data.txt` na `data.txt` kuwa mafaili mawili. Windows na macOS, kwa mpangilio wa kawaida, huona moja. Skripti iliyohifadhiwa kwa miisho ya mistari ya Windows hukataliwa na Linux kwa ujumbe kwamba bash, programu inayoendesha skripti, haipo, ilhali ipo: jina lililotafutwa lina herufi ya ziada isiyoonekana mwishoni. Weka `*.sh text eol=lf` ndani ya `.gitattributes`, faili la mipangilio la Git.

Mazingira ya mtumiaji yana sheria ile ile. Kunakili `.bashrc`, faili la mipangilio ya bash, kutoka Linux kwenda macOS si kuhamisha mazingira, maana bash inayokuja na macOS ni ya toleo la 3.2, na `declare -A`, amri ya kuunda safu zenye funguo za majina, ilianza toleo la 4.0. Amri ya `sed -i`, ya kuhariri faili lenyewe, pia hutofautiana: ile ya GNU, inayotumika kwenye Linux, haidai kiambishi cha jina la nakala ya akiba, ile ya macOS hudai. `sed -i.bak` hukubaliwa na zote mbili. Yasiyopatanika, tenganisha kwa jibu la `uname -s`, amri inayotaja jina la mfumo.

Kwa hiyo programu ya kwenye flashi iitwe isiyosakinishwa, na inayotegemea Wine isemwe inaendeshwa kupitia Wine. Kabla ya kuandika kwamba yako inahamishika, ijenge kutoka msimbo chanzo kwenye mfumo wa pili na uendeshe huko majaribio yale yale, kisha taja mifumo uliyoijaribu kwa majina na matoleo yake.