Kukimbia pekupeku: tazama saa kabla ya kutazama njia

Wanaotaka kuanza kukimbia pekupeku hutuuliza swali moja kliniki: nikimbilie wapi, mchangani, kwenye majani au kwenye lami? Nasi wana fiziotherapia, yaani watibu wa viungo, huwajibu kwa swali, jambo linalowaudhi kidogo: saa ngapi, na mwezi gani?

Chukua lami. Wengi huiogopa kwa ugumu wake, ilhali ugumu si shida kubwa. Mtu akiwa peku juu ya kitu kigumu hujikuta mwenyewe anafupisha hatua na kutua taratibu, kwa kuwa akijibamiza anaumia papo hapo. Lami safi iliyopoa alfajiri ni mwalimu mzuri kuliko majani, ambayo humficha mkimbiaji makosa yake. Kinachotutia hofu ni jua. Hewa ikiwa nyuzi 33, lami iliyopigwa na jua la mchana inaweza kufika nyuzi 60, na ngozi ya kawaida ikigandamana na joto hilo huungua kwa sekunde 5 hivi. Sugu ya unyayo huchelewesha tu. Tena lami hutunza joto: saa 11 jioni, vikundi vya joging vinapotoka, upepo umeshapoa lakini barabara bado. Simama juu yake bila kiatu, tuli, uhesabu hadi kumi. Ukijikuta unabadilisha mguu, rudi ukavae raba.

Abebe Bikila wa Ethiopia hutajwa kila peku inapozungumzwa: tarehe 10 Septemba 1960, Roma, alishinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:15:16 bila viatu. Kisichotajwa sana ni kwamba mbio zile zilianza jioni kukwepa joto na kumalizika gizani, huku mienge ikiangaza njia. Na Tokyo mwaka 1964 alivaa viatu, akashinda tena, kwa kasi zaidi. Peku si dini.

Kwa watu wa pwani, ufuo ndio uwanja wa kwanza, na hapo saa ni ya maji kuliko ya jua. Mchanga mkavu wa juu hutitia. Kisigino kinazama, na tafu na kano ya nyuma ya kisigino zinafanya kazi maradufu. Anayeanza akikimbia huko nusu saa, kesho yake anashuka ngazi kinyumenyume. Unaofaa ni mchanga mbichi ulioshikana, ule bahari inaouacha inapokupwa. Maji yakiwa yamejaa, kinachobaki ni mteremko mwembamba, na ukiufuata kwa muda mrefu mguu mmoja uko juu na mwingine chini. Nyonga na goti la upande mmoja ndivyo vitakavyolipa. Kama huna budi, geuza mwelekeo kila baada ya dakika chache.

Kupwa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya wiki iliyopita haikufai wiki hii. Pwani ya Dar es Salaam na Unguja, siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kabla ya alfajiri na kukauka kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Ukitoka saa 1 asubuhi utayakuta yanarudi baharini, na kila ukigeuka njia imepanuka. Wavuvi wanalijua hili kuliko sisi, waulize. Usikimbie ndani ya maji usiyoona chini yake: kuna samaki aina ya taa waliojifukia mchangani, mawe ya matumbawe, na chupa zetu wenyewe.

Masika hubadilisha kila kitu. Unyayo uliolowa muda mrefu hulainika, na changarawe uliyoizoea wiki zote inakuchana. Lami inayopata mvua ya kwanza baada ya ukavu huteleza, kwani mafuta ya magari huelea juu. Alama zilizopakwa rangi na mifuniko ya chuma ni mibaya zaidi. Dimbwi la mafuriko liepuke hata likiwa la kufika kifundoni. Mwaka 2022 Ruangwa, mkoani Lindi, kulizuka homa ya mgunda. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, hukaa kwenye maji na matope, na huingia mwilini kupitia mchubuko au ngozi iliyolainika. Udongo wenye unyevu na kivuli, mahali watu wanapojisaidia ovyo, ndiko pia wanakosubiri minyoo ya safura, ambao hutoboa ngozi ya mguu bila kuhitaji kidonda.

Kiangazi kina maudhi yake: mbigili kwenye viwanja vya mpira, na funza kwenye vumbi kavu, hasa karibu na mazizi. Nyasi bandia zinaonekana za kukaribisha, lakini juani huwa za moto hata kuliko lami. Nyasi halisi hufaa asubuhi, baada ya kuutembea uwanja mzima mara moja kwa macho chini.

Kipupwe cha Njombe na Makete ni jambo jingine. Baridi hufanya unyayo kufa ganzi, na unyayo uliokufa ganzi hausemi kitu kikikuchoma. Pasha miguu moto ukiwa umevaa viatu, vua baadaye, na anza na dakika 5 hadi 10 tu. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye kisukari au aliyepoteza hisia miguuni asikimbie peku, msimu wowote, juu ya ardhi yoyote. Hapo hatuna mjadala.

Ukirudi, osha miguu na ukague katikati ya vidole. Kitu kikizama ndani ya nyama, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha nenda kituo cha afya hata kama damu ilikuwa tone moja. Watu huulaumu msumari wenye kutu, kumbe vimelea vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na samadi. Mwiba wa kawaida unatosha kuviingiza. Mhudumu atakuuliza ulichanjwa lini mara ya mwisho, basi litafute jibu kabla hujavua viatu.