Manifoldi presha ni nini, na kwa nini geji inasoma 26 injini zikiwa zimezimwa

Jumapili mdogo wangu alikaa kwenye meza yangu hapa Entebbe nikamfungulia DC-3, ndege ya zamani ya injini mbili za propela, kwenye simuleta, yaani programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, ndege imepaki kwenye uwanja wetu huu huu, injini zote mbili zimezimwa, akaangalia dashibodi akaninyooshea kidole: "Kaka, hii geji imeharibika, injini haziwaki na sindano iko kwa 26." Haijaharibika. Na ukielewa kwa nini iko kwa 26 basi manifoldi presha umeshaishika zaidi ya nusu.

Manifoldi ni yale mabomba yanayopeleka hewa na petroli kwenye silinda. Manifoldi presha ni presha ya hewa iliyomo humo ndani, na inapimwa kwa inchi za zebaki, yaani hewa hiyo ina nguvu ya kuinua zebaki kwenye mrija inchi ngapi. Usawa wa bahari, tuseme Mombasa, hewa inainua karibu 30. Sisi Entebbe tuko futi 3,782 juu ya bahari, hewa yetu nyepesi, inainua kama 26 hivi. Injini ikiwa imezimwa hakuna kinachonyonya wala kinachosukuma, hewa ya ndani ya bomba na ya nje ni moja, kwa hiyo geji inakusomea tu hewa ya Entebbe.

Sasa washa injini. Wengi wanangoja sindano ipande, kumbe inashuka mpaka 15 ama hapo karibu. Ni kama kunyonya soda huku umebana mrija kwa vidole: pistoni zinavuta hewa kwa nguvu lakini throto, yaani mlango wa hewa unaoongozwa kwa mkono, imefungwa karibu yote, ndani kunabaki hewa kidogo sana. Ukisukuma throto unaachia ule mrija, hewa inaingia, sindano inapanda, inapita 26, inaendelea mpaka 48 ambayo ndo mwisho wa kurukia kwa injini za DC-3, zile Twin Wasp za silinda 14. Hapo lazima ujiulize, hewa ya nje ni 26, hiyo 48 imetoka wapi? Ni supachaja, feni inayozungushwa na gia za injini yenyewe, inashindilia hewa ndani kwa presha kubwa kuliko ile tunayovuta sisi hapa nje. Mimi hiki kitu bado kinanifurahisha kila nikirusha hii ndege.

Lakini inchi peke yake haikuambii nguvu ya injini, na hapa ndo watu waliozoea ndege za jeti kwenye simuleta wanaua injini. Geji hiyo lazima uisome pamoja na mizunguko ya injini kwa dakika, rpm. Throto inashika inchi, mkono wa propela unashika rpm kwa kubadilisha pembe ya mapangaboi. Fikiria boda imebeba watu wawili inapanda mlima wa Muyenga na dereva bado yuko gia namba nne, amefungua mafuta yote, utasikia injini inagonga. DC-3 ni hivyo hivyo: inchi nyingi na rpm ndogo maana yake umeshindilia hewa na petroli kwenye silinda na pistoni hazikimbii vya kutosha, moto unalipuka vibaya, injini inagonga mpaka inakufa. Ndo maana kuna mpangilio. Ukiongeza nguvu, anza na mkono wa propela halafu throto. Ukipunguza, anza na throto halafu propela. Usigeuze hata siku moja.

Na kushuka pia kuna adabu yake, usivute throto mpaka chini ukiwa bado na spidi, kwa sababu upepo utaanza kuzungusha propela na propela izungushe injini, kitu ambacho beringi za hizi injini za duara, zenye silinda zilizopangwa kuzunguka, hazipendi. Kanuni ya zamani ni angalau inchi moja kwa kila rpm 100, yaani kwenye rpm 2,000 usishuke chini ya 20.

Ukikaa kwenye ndege ya Uingereza ya enzi hizo usishtuke, geji yao inaitwa busti na inasoma pauni za presha kwa kila inchi ya mraba, sifuri yake ni ile hewa ya baharini. Kwa hiyo 48 ya Mmarekani ni kama +9 ya Mwingereza, na ndege iliyozimwa hapa Entebbe itasoma chini ya sifuri, kama -2. Kitu ni kile kile, rula tofauti.

Basi mdogo wangu akaruka, 48 na rpm 2,700, ziwa likabaki nyuma, nikamwambia apunguze vizuri kwa mpangilio halafu aelekee Kasese. Tulipofika kama futi 8,000 akageuka akaniangalia: "Kaka sijagusa kitu, na inashuka." Ni kweli, kila futi 1,000 unazopanda inapotea kama inchi moja, hewa ya nje imepungua na kwenye hii ndege hakuna wa kukurekebishia. Akasukuma throto kidogo kidogo mpaka sindano ikarudi pale alipotaka, milima ya Rwenzori ikaanza kutokea mbele.