Nchi Yenye Waislamu Wengi: Maana Yake na Mipaka Yake

Nchi yenye Waislamu wengi ni nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake ni Waislamu. Maana yake inaishia hapo. Haisemi nani anatawala, mahakama zinahukumu kwa sheria gani, maduka yanafungwa siku gani wala mwanamke anatoka nyumbani amevaa nini. Kila moja kati ya hayo ni swali la peke yake, na jibu lake linatafutwa kwingine.

Nalitanguliza hili kwa sababu hapa Dar es Salaam mambo haya huchanganywa kila siku, vibarazani na kwenye daladala, na wanaoyachanganya ni Waislamu na Wakristo vilevile. Mtu akisikia nchi fulani ina Waislamu wengi, picha inayomjia ni Uarabuni: jangwa, visima vya mafuta, mfalme aliyevaa kanzu. Lakini Waislamu duniani ni takriban bilioni 2, yaani mtu mmoja kati ya kila wanne, na Waarabu ni kama mmoja tu kati ya kila Waislamu watano. Nchi zenyewe ni karibu 50, na zilizo kubwa kabisa ziko mbali na Uarabuni. Indonesia na Pakistan zina Waislamu zaidi ya milioni 200 kila moja, na Bangladesh nayo imevuka milioni 100 zamani sana.

Wala huna haja ya kwenda mbali hivyo. Komoro iko hapa jirani, na Wangazija tunaishi nao mitaani. Karibu watu wote wa Komoro ni Waislamu wa Sunni wanaofuata madhehebu ya Shafi, kama walivyo Waislamu wengi wa pwani yetu, na lugha yao ni ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Komoro ni mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1993, jambo ambalo ni la siasa na historia. Ukimsikiliza mama wa Kingazija akizungumza na jirani yake, maneno mengi utayashika bila mkalimani.

Jambo la pili linalowapotosha watu ni kuchanganya wingi wa watu na sehemu yao katika taifa. India ina Waislamu wapatao milioni 200, zaidi ya nchi yoyote ya Kiarabu, lakini sensa yake ya 2011 iliwaonyesha kuwa asilimia 14 tu ya wananchi. Kwa hiyo India haimo katika orodha. Ethiopia vilevile: sensa ya 2007 ilihesabu Waislamu wapatao milioni 25, zaidi ya mara mbili ya watu wote wa Tunisia kwa wakati ule, na bado walikuwa theluthi moja ya Waethiopia. Tunisia imo, Ethiopia haimo. Hesabu hii inatazama nusu, basi.

Sasa tuje kwenye serikali, ambako ndiko kwenye uzito.

Zipo nchi ambazo dini imeingia moja kwa moja kwenye jina na mfumo wa dola. Iran, Pakistan na Mauritania hujiita Jamhuri ya Kiislamu. Saudi Arabia, katika sheria yake ya msingi ya 1992, inataja Kurani na Sunna kuwa ndiyo katiba yake. Maldives inataka raia wake awe Mwislamu. Hizo ndizo watu wanazozifikiria, na ni haki kuziita nchi za Kiislamu kwa maana ya dola.

Lakini chukua Senegal. Zaidi ya asilimia 90 ya Wasenegali ni Waislamu, wenye masheikh wa tarika, yaani vyama vya Kisufi, wanaoheshimiwa kuliko mawaziri. Katiba yao inasema nchi haina dini. Na tangu uhuru mwaka 1960 mpaka alipong'atuka mwishoni mwa 1980, rais wao alikuwa Léopold Sédar Senghor, Mkatoliki. Miaka 20! Waislamu wa Senegal walikuwa wanamfuata Mkatoliki kwenye siasa na sheikh wao kwenye dini, na mwenye kutaka kuelewa nchi hizi aanze na mfano huo kabla ya mingine yote.

Uturuki iliiondoa dini ya taifa katika katiba yake mwaka 1928, miaka minne baada ya kuufuta ukhalifa. Indonesia, pamoja na wingi wote ule, ilijenga dola yake mwaka 1945 juu ya misingi mitano inayoitwa Pancasila. Wa kwanza ni kumwamini Mungu Mmoja, lakini dini zinazotambuliwa na serikali ni sita, Ukatoliki, Uprotestanti, Uhindu, Ubudha na Ukonfusho zikiwamo. Ndani ya Indonesia hiyohiyo, jimbo la Aceh linatekeleza sharia mpaka kwenye makosa ya jinai. Tunisia ilipiga marufuku ndoa za wake wengi mwaka 1956, wakati Mwislamu wa Magomeni anaruhusiwa na sheria ya ndoa ya 1971 kuoa mke wa pili. Kwa jambo hilo moja, sheria ya Tanzania, nchi ambayo serikali yake haina dini, iko karibu zaidi na fiqhi, yaani sheria ya dini ya Kiislamu, kuliko ya Tunisia, ambako karibu kila mtu ni Mwislamu.

Kama bado kuna shaka, tazama Gambia. Desemba 2015 Rais Yahya Jammeh alitangaza kwamba nchi yake sasa ni Jamhuri ya Kiislamu. Mwanzoni mwa 2017 Adama Barrow aliingia madarakani na kulifuta tangazo hilo. Katika muda huo Wagambia walikuwa walewale, zaidi ya asilimia 90 wakiwa Waislamu kabla, wakati na baada. Afghanistan ni mfano mchungu zaidi: mpaka Agosti 2021 wasichana wake walikuwa wanasoma sekondari, kisha Taliban wakarudi Kabul na milango ikafungwa. Asilimia ya Waislamu haikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni mtawala. Kwa hiyo mtu anayesema wasichana wa Afghanistan wamezuiwa kusoma kwa kuwa nchi ina Waislamu wengi, ajibiwe kwa Indonesia na Senegal ambako wasichana wako darasani.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo nje wanalijua jambo hili kwa njia yao. Anayenunua nguo Istanbul anajua ofisi za kule zinapumzika Jumapili, na imekuwa hivyo tangu 1935. Aliyezoea Dubai anakumbuka mapumziko yalikuwa Ijumaa na Jumamosi, mpaka Januari 2022 serikali ya Falme za Kiarabu ilipohamia Jumamosi na Jumapili na kuifanya Ijumaa siku ya kazi ya asubuhi. Huku kwetu, mwenye duka Kariakoo anashusha mlango Ijumaa saa sita na nusu, anakwenda swala, na anaufungua tena akirudi. Hakuna sheria inayomlazimisha. Ni dini yake na ada ya mtaa.

Kabla ya kuuliza sheria, hata hivyo, kuna swali la awali ambalo watu huliruka: nani amehesabu?

Hapa inabidi tuizungumze nchi yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 Watanzania walihesabiwa. Karani alikuja na kishikwambi, akauliza majina, umri, uhusiano na mkuu wa kaya, elimu, ulemavu, kazi, unapikia nini, choo cha aina gani. Dini hakuuliza. Sensa ya mwisho kuuliza dini ni ya 1967. Tangu hapo serikali imeliacha swali hilo kwa kuhofia kwamba namba zitageuzwa silaha, na mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu viliona kuachwa huko ni kuficha jambo, vikadai swali lirudishwe na kuwaambia wafuasi wao wasihesabiwe. Pande zote mbili zilikuwa na hoja ya kusikilizwa. Lakini matokeo yake ni haya: mtu yeyote anayekuambia kwa uhakika kwamba Waislamu ndio wengi Tanzania, au Wakristo ndio wengi, anazungumza kwa makadirio ya watafiti, na makadirio hutofautiana. Hakuna sensa iliyo nyuma yake tangu wakati wa babu zetu.

Majirani wamechagua njia nyingine. Kenya iliuliza mwaka 2019 na Waislamu wakawa kama asilimia 11. Uganda iliuliza 2014, wakawa kama 14. Lebanon, kwa upande wake, haijafanya sensa rasmi tangu 1932, kwa kuwa madaraka yote yamegawanywa kwa madhehebu: rais Mkristo wa Maroni, waziri mkuu Sunni, spika Shia. Kuhesabu upya ni kuvuruga mgawo mzima, hivyo kila mtu anajua mizani imehama na hakuna anayethubutu kuipima. Nigeria nayo haikuuliza dini katika sensa yake ya 2006. Waislamu na Wakristo wa huko wanakaribiana kiasi kwamba kila upande hujiona ndio mkubwa, huku majimbo 12 ya kaskazini yakiwa yametangaza sharia katika jinai kuanzia 1999.

Na hata nchi inayouliza inaweza kupata jibu linaloyumba. Albania ilikuwa na Waislamu karibu asilimia 57 kwa sensa ya 2011. Ile ya 2023 iliwakuta chini ya nusu, isipokuwa ukiwajumlisha na Wabektashi, wafuasi wa tarika iliyohesabiwa peke yake, ndipo wanaivuka nusu kwa nywele. Ni nchi iliyotangazwa kuwa haina Mungu mwaka 1967 chini ya Enver Hoxha, misikiti na makanisa yakafungwa kwa zaidi ya miaka 20, na wajukuu wa zama hizo wanapoulizwa dini yao wengi hawana jibu moja. Kazakhstan imekwenda upande wa pili: chini ya Wasovieti Wakazaki walifika kuwa wachache katika ardhi yao wenyewe, kisha baada ya 1991 Warusi na Wajerumani wengi wakahama, na sensa ya 2021 ikaonyesha Waislamu karibu asilimia 70. Orodha ya nchi hizi haikuandikwa kwenye jiwe.

Jambo jingine ambalo vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Ghuba hulikuta kwa macho: raia na mkazi ni hesabu mbili. Raia wa Qatar karibu wote ni Waislamu, lakini raia ni wachache mno mbele ya wafanyakazi wa kigeni, Wahindu, Wakristo na Wabudha wakiwamo. Ukiwahesabu wote wanaoishi humo, Waislamu ni kama theluthi mbili.

Limebaki la OIC, ambayo kwetu ina historia yake. Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu ilianzishwa Rabat, Morocco, Septemba 1969, mwezi mmoja baada ya msikiti wa Al-Aqsa kuchomwa moto. Ina wanachama 57 na makao yake ni Jeddah. Watu wengi hudhani orodha ya OIC ndiyo orodha ya nchi zenye Waislamu wengi. Siyo. Msumbiji imo, Gabon imo, hata Guyana na Suriname kule Amerika ya Kusini zimo, na kote huko Waislamu ni wachache. Kosovo ina Waislamu wengi na haimo.

Zanzibar, ambako karibu kila mtu ni Mwislamu, ilijiunga na OIC mwishoni mwa 1992. Likazuka zogo kubwa. Hoja haikuwa idadi, maana idadi ya Wazanzibari haina ubishi. Hoja ilikuwa Katiba: mambo ya nje ni ya Muungano, na ibara ya 3 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa, na mwezi huohuo wabunge waliojulikana kama G55 wakapeleka bungeni hoja ya kutaka serikali ya Tanganyika. Swali la Tanzania yenyewe kujiunga limerudi mara kadhaa tangu hapo na halijapata jibu lililowaridhisha wote.

Uganda, yenye Waislamu wachache, ilijiunga 1974 wakati wa Idi Amin, na serikali zilizomfuata zimebaki humo. Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Mbale, kilichofunguliwa 1988, kilitokana na uamuzi wa jumuiya hiyo, na Watanzania wamesoma pale.