Kifaa cha GPS cha baiskeli: anza na kioo, setelaiti baadaye

Waendesha baiskeli wanaotaka kununua kifaa cha GPS huniuliza swali moja kuliko mengine yote: kipi kinashika setelaiti vizuri zaidi? Naelewa linakotoka, maana hilo ndilo neno linaloandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Lakini kazi yangu ni kuvifunga, kuvipima na kuvitengeneza vifaa hivi, na msimamo wangu ni kwamba usahihi wa mahali si jambo linalotenganisha kifaa kizuri na kibaya siku hizi. La muhimu ni kama unaweza kukisoma jua likiwa la utosini, kukiamrisha mikono ikiwa imelowa jasho, na kukikuta bado kina chaji safari inapoisha.

Tuzimalize setelaiti kwanza. GPS yenyewe ni mfumo wa Marekani wa kutambua mahali kwa setelaiti. Setelaiti zake huzunguka takribani kilomita 20,200 juu yetu, na kifaa kinahitaji kuzisikia angalau nne ili kijue kilipo. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi yanayopokewa na raia, na ilipoacha, makosa ya makumi ya mita yakashuka hadi mita chache. Leo kuna pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, na karibu kila kifaa kipya cha baiskeli husikia zaidi ya mfumo mmoja. Kwenye barabara iliyo wazi, kifaa cha bei ya chini na cha bei ya juu vitakuchorea mstari uleule.

Tofauti huanza katikati ya maghorofa na kwenye mabonde membamba, ambako mawimbi hugonga ukuta au mwamba kwanza ndipo yakufikie, na kifaa kikadhani uko upande wa pili wa barabara. Vifaa vinavyopokea masafa mawili, L1 na L5, hutambua vizuri zaidi wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililodunda. Kama njia zako za kila siku ni za namna hiyo, ongeza hela ununue kimoja. Kama sivyo, acha, kwa sababu masafa hayo mawili pia hula chaji.

Halafu kuna lawama ambayo setelaiti hubebeshwa bure: ramani ya safari inayoonyesha kona zimekatwa. Ukishuka mlima kwa kilomita 36 kwa saa, unakwenda mita 10 kila sekunde. Kifaa kilichowekwa kirekodi kila baada ya sekunde tano kitaacha mita 50 kati ya nukta na nukta, na kona nzima ya mlima inaweza kuingia humo. Fungua mipangilio, uweke kirekodi kila sekunde. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Sasa kioo. Ukiwa barabarani unakitazama kwa nusu sekunde, kisha macho yanarudi mbele. Katika nusu sekunde hiyo namba lazima isomeke. Kuna vioo vinavyotumia mwanga wa jua wenyewe kuonekana: jua linavyokuwa kali, ndivyo navyo vinavyosomeka. Rangi zake zimefifia kidogo, dukani havivutii, na wateja wengi huvipita. Vile vinavyong'aa kama simu hupendeza sana chini ya taa za duka, lakini nje juani baadhi hulazimika kuongeza mwanga hadi mwisho, na hapo chaji inakwenda. Omba ruhusa utoke nacho nje. Ukiwa unavaa miwani ya poleraizi, yaani ya jua inayokata mng'ao, ivae, kisha kizungushe kifaa taratibu mbele ya macho yako, kwanza kikiwa wima halafu kikiwa kimelala. Vioo vingine huwa vyeusi kabisa kwenye pembe fulani, na pembe hiyo ikiwa ndiyo utakayokifunga kwenye usukani, tafuta kingine. Jaribio hili halifiki hata dakika moja.

Vitufe au kioo cha kugusa? Mimi niko upande wa vitufe. Tone la mvua likianguka kwenye kioo cha kugusa linaweza kubadilisha ukurasa kama vile kidole kimepita, na jasho nalo hufanya hivyohivyo. Glavu nene hazisaidii. Mfano rahisi ni vifaa viwili vya kampuni ya Garmin, Edge 540 na Edge 840. Ni karibu mapacha, ila ya kwanza ina vitufe tu na ya pili ina vitufe pamoja na kioo cha kugusa. Kwa anayefuata njia aliyoiandaa nyumbani, 540 inamtosha kabisa. Anayependa kusimama njia panda, kuivuta ramani huku na huku na kuamua aelekee wapi, huyo namwambia achukue 840, maana kusogeza ramani kwa vitufe kunachosha kweli.

Kuhusu ramani kuna aina mbili, na wauzaji hawazitenganishi vya kutosha. Kuna vifaa vinavyokuonyesha mstari tu wa kufuata, bila barabara nyingine zozote, na kuna vyenye ramani kamili ndani yake. Faili la GPX, yaani faili la njia unaloingiza kwenye kifaa, kwa kawaida ni orodha ya nukta tu. Halikuambii "geuka kushoto". Kifaa chenye ramani kinaweza kuilinganisha orodha hiyo na barabara kikatunga maelekezo chenyewe. Chenye mstari kitakuacha ugundue mwenyewe kwamba umepitiliza. Ramani nyingi za vifaa hivi hutokana na OpenStreetMap, mradi wa kujitolea ulioanza mwaka 2004, kwa hiyo ubora wake unategemea nani amechora eneo lako. Fungua ramani hiyo kwenye intaneti kabla hujanunua, utafute vichochoro unavyovijua. Kama havipo pale, kuna uwezekano mkubwa havitakuwemo kwenye kifaa pia.

Ukishakipata, zima ile huduma ya kupanga njia upya kila unapotoka kwenye mstari. Kifaa hakijui kwamba umetoka kidogo kununua maji; kitakusukuma ugeuke, au kitakuunganisha kupitia barabara kuu yenye malori.

Watu wa milima wahakikishe kifaa kina barometa. Setelaiti zote ziko juu yako, hakuna hata moja chini ya ardhi ya kusawazisha hesabu, ndiyo maana mwinuko wa GPS peke yake huyumba kuliko mahali. Barometa hupima kanieneo ya hewa: karibu na usawa wa bahari hupungua takribani hektopaskali moja kwa kila mita 8 unazopanda. Ni nyepesi mno kuhisi, na hapo ndipo ilipo pia kasoro yake. Hali ya hewa ikibadilika kwa hektopaskali 4 ukiwa njiani, kifaa kitaamini umepanda au umeshuka zaidi ya mita 30. Tundu lake dogo, mara nyingi upande wa chini, likizibwa na maji au chumvi ya jasho, namba zitaganda. Lisuuze kwa maji safi, usilichokonoe kwa sindano.

Vihisi vya mapigo ya moyo na vya nguvu ya kukanyaga pedali huwasiliana na kifaa bila waya, kwa mfumo wa ANT+ au Bluetooth. Chukua kifaa kinachokubali vyote viwili, yaishe. Kihisi cha kitovu cha gurudumu ni kitu kidogo ambacho ningekinunua mapema. Huhesabu mizunguko, na kwa tairi ya 700x25 kila mzunguko ni takribani mita 2.1, hivyo ndani ya handaki au msituni mwendo wako hauruki.

Saa za chaji zinazotajwa kwenye boksi hupimwa katika hali nzuri. Mimi huondoa theluthi moja ndipo nimshauri mtu. Baridi huzipunguza zaidi, na betri nyingi zimefungwa ndani moja kwa moja, hazibadilishwi kwa mkono.

Kwa hiyo anayenunua kilichotumika awe mwangalifu. Kiache nje hadi kishike setelaiti, kisha soma tarehe. GPS ya awali huhesabu wiki hadi 1,024 halafu hurudi sifuri; ilirudi tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vinaweza kukuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Tarehe ikiwa sahihi, kiwashe mwanga wote, kiunganishe na vihisi, kikae saa moja, uone asilimia ngapi zimeondoka. Zikizidi 15, mwambie muuzaji apunguze bei au umrudishie.