Eti chokoraa hawana maadili

Dhana: Mtoto wa mtaani hajui jema na baya.

Muulize kwa nini anavuta gundi. Iwe Nairobi au Eldoret, majibu ni yale yale: baridi, njaa, woga wa usiku. Muulize kuhusu wizi, atakwambia mwenye mali ni tajiri, hataumia. Wengi wetu husikia hapo ujanja mtupu. Lakini mtu hajitetei kwa jambo asiloliona kuwa kosa. Mwaka 1957 wanasosholojia wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, waliandika kuhusu vijana wahalifu wa kwao wakataja namna tano za kujitetea. Miongoni mwake: si mimi, ni maisha, hakuna aliyeumia, na kuwageuzia kibao wanaolaumu. Hoja yao ni kwamba vijana hao wanazijua kanuni za jamii na kwa kiasi kikubwa wanazikubali; wanachotafuta ni mwanya.

Hiyo ya kugeuza kibao husikika sana mitaani, na tukubali kwamba wana cha kuonyesha. Mwaka 1997 ripoti ya Human Rights Watch ilieleza jinsi polisi wa Kenya walivyowapiga watoto wa mitaani na kuwadai pesa. Mtoto aliyepitia hayo akikuuliza mwizi ni nani, utamjibu nini?

Dhana: Mtaani kila mtu na lake, hakuna sheria.

Eldoret vikundi vina maskani yao, wanayaita barracks, na kila moja ina wakubwa wake. Mgeni haingii hivi hivi. Chakula hugawanwa. Kumwibia mwenzako au kumchoma kwa polisi ni aibu kuliko kumpora mpita njia. Nisiwapambe, lakini: sheria hizo hizo humpa mkubwa ruhusa ya kumnyang'anya mdogo alichookota, na msichana huhukumiwa kwa ukali kuliko mvulana, kama ilivyo huku kwetu kwenye nyumba zenye milango.

Dhana: Akiwa mtaani tu, tayari ni mhalifu.

Hapana. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inamweka mtoto anayeombaomba katika kundi la wanaohitaji matunzo na ulinzi. Anayestahili kuitwa ni afisa wa watoto. Seli si mahali pake.